Dhahabu ipo, lakini eneo ni la nani?

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaotaka kuanza kutafuta dhahabu ni "niende wapi?" Kwa mjiolojia hilo ndilo swali jepesi. Ofisi ya jiolojia ilianzishwa Dodoma mwaka 1925, na warithi wake, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), wanazo ramani zinazoonyesha mawe ya nchi hii kipande kwa kipande. Swali gumu ni lile ambalo wengi hulifikia wakiwa tayari wameshika sururu: eneo hilo ni la nani?

Najua wengi wenu mmevutiwa na video za Australia, ambako mtu anatoka na familia yake mwisho wa wiki, anapitisha ditekta, kifaa cha kunusa metali, kwenye mchanga, na jioni anarudi nyumbani na punje zake. Kule sheria imemwekea nafasi. Katika jimbo la Victoria, kwa mfano, kibali kinachoitwa Miner's Right hudumu miaka 10 na kinamruhusu mwenye nacho kutafuta kwa zana za mkono katika maeneo mengi ya ardhi ya serikali. Tanzania hatuna kibali cha namna hiyo. Sheria ya Madini, Sura ya 123, inakataza kutafuta au kuchimba madini bila leseni, na haimtofautishi anayefanya kazi na anayejifurahisha. Kwa hiyo kwa mchimbaji mdogo milango ni miwili: uwe na leseni yako ndogo ya uchimbaji, PML, au uingie kwa makubaliano ya maandishi na mwenye leseni. Ukipita nje ya hapo wewe ni mvamizi, hata kama umebeba karai moja tu.

Tuanze na mawe. Ramani za GST zimegawanywa kwa vipande vya nusu digrii kwa nusu digrii, tunaviita QDS, na kila kipande ni kama kilomita 55 kila upande. Ukiwa Kanda ya Ziwa, tafuta mkanda wa mawe ya kijani, yaani volkano za kale sana, halafu tafuta ndani yake mistari ya mwamba wa chuma wenye matabaka. Dhahabu ya Geita imekaa sana kwenye mwamba huo. Usivutiwe na rangi peke yake. Weka kidole pale mawe ya aina mbili yanapokutana, na pale mpasuko unapokatiza mwamba wa chuma, kwa sababu maji moto yaliyobeba dhahabu yalihitaji njia ya kupita na mwamba wa kuishika. Kisha angalia alama za machimbo ya zamani. Penye shimo la Mjerumani au la Mwingereza, kuna mtu aliyeshalipia utafiti.

Chunya ni habari nyingine. Katika uwanda wa Lupa kuna mwamba wa quartz kwenye granite, na kuna dhahabu ya mchangani iliyoteremshwa na vijito vinavyoelekea Ziwa Rukwa. Kwa dhahabu hiyo, ramani ya mandhari ya 1:50,000 inanisaidia kuliko ramani ya jiolojia. Nafuata kijito kwa jicho kutoka kwenye mwinuko mkali hadi pale mistari ya kontua inapoachana, maana hapo maji hupungua nguvu na kuangusha kizito. Picha za satelaiti za Sentinel-2, ambazo ni za bure, zinatosha kuonyesha maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kama madoadoa meupe kwenye kijani cha pori.

Sasa leseni. Tume ya Madini ina ramani ya leseni mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Utaona viwanja vikubwa vya leseni za utafiti na vidogo vya PML vilivyobanana kama vigae. Soma na maombi yanayosubiri, usiishie kwenye leseni hai, kwa sababu aliyewasilisha ombi kabla yako yuko mbele yako kwenye foleni. Ukiona pengo, usishangilie. Nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi ukaulize, kwa kuwa pengo linaweza kuwa msitu wa hifadhi, eneo lililotengwa, au leseni ambayo hadhi yake inashughulikiwa.

Na hapa kuna jambo ninalotaka mlielewe vizuri, kwa sababu limewagombanisha watu wengi waliokuwa na nia njema. Ramani zetu za 1:50,000, na nyaraka nyingi za leseni, zimeandikwa kwa mfumo wa koordineti unaoitwa Arc 1960. Simu yako na GPS yako, usipozibadilisha, zinasoma WGS84. Namba zinafanana kwa sura, ila ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, utajikuta umesimama karibu mita 300 kaskazini ya kona halisi, na umesogea magharibi kidogo. PML ya hekta 10, ikiwa ni mraba, ina upande wa mita 316. Maana yake kosa hilo moja linatosha kukutoa karibu kabisa kwenye kiwanja chako na kukuweka juu ya mwamba wa jirani, ukiwa na leseni halali mfukoni. Programu ya ramani ya QGIS, ambayo ni ya bure, inabadilisha vizuri: kwa Kanda ya Ziwa na Chunya chagua mfumo wenye namba (EPSG) 21036 kwa Arc 1960 na 32736 kwa WGS84. Baada ya hapo jaribu kwa kitu unachokifahamu, kama njia panda au daraja lililo kwenye ramani ya karatasi. Likiangukia mahali pake kwenye picha ya satelaiti, endelea.

Tabaka la tatu, baada ya mawe na leseni, halimo kwenye kompyuta. Leseni inakupa haki ya madini, haikupi ardhi. Juu ya mwamba wako kuna shamba la mtu, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi hiyo. Karibu na nyumba na mashamba unahitaji idhini ya maandishi ya anayeikalia, na uharibifu unalipiwa fidia. Ukiwa mtoni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo hata ile dhahabu ya mchangani huigusi bila kuuliza.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji, mwombe akuonyeshe mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, halafu mtafute mwenyekiti wa kitongoji mtembee naye kwa miguu. Usukumani picha ya satelaiti itakuonyesha pori tupu, kumbe ni ngitili, malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi, nayo ina wenyewe. Makaburi nayo hayaonekani kutoka angani. Mzee mmoja nilimwamkia shikamoo, nikamfunulia ramani chini ya mti. Aliiangalia kidogo tu, akachukua kijiti akachora mpaka wa ukoo wao juu ya vumbi, kutoka kichuguu hadi korongo. Nilipita mpaka huo na GPS nikauingiza kwenye QGIS. Ulikata PML tuliyokuwa tunaizungumzia katikati, na tukaanza mazungumzo ya fidia tukijua tunazungumza na familia ngapi.

Kama unaingia kwa makubaliano na mwenye leseni, mkataba uandike namba ya leseni, tarehe ya kuisha, kona za sehemu mliyokubaliana pamoja na jina la mfumo wa koordineti, nani anamlipa mwenye shamba, na dhahabu itakayopatikana itauzwa kwa jina la nani katika soko la madini. Saini ziwe na mashahidi, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.