Fahali na Mbwa Mwitu: Vita vya Washirika wa Roma, 91–88 K.K.

Ninapofundisha vita vya ndani vya Roma ya kale, huanza na sarafu moja ya fedha ambayo haikufuliwa na Roma. Juu yake fahali anamchoma mbwa mwitu kwa pembe. Mbwa mwitu ni Roma, ambayo hekaya zake husema kwamba mwanzilishi wake alinyonyeshwa na mnyama huyo. Fahali ni Italia. Jina la jemadari Gaius Papius Mutilus limeandikwa hapo kwa Kioski, lugha ya Wasamni, watu wa milima ya kusini mwa Italia, wala si kwa Kilatini. Waliotoa sarafu hiyo walikuwa, muda mfupi tu kabla yake, wakipigana bega kwa bega na Warumi.

Wasamni, majirani zao Wamarsi na watu wengine wa Italia hawakuwa raia wa Roma bali washirika, jamii zilizofungwa kwa mikataba, zilizojitawala katika mambo ya nyumbani lakini zikatakiwa kutoa vijana kila Roma ilipokwenda vitani. Velleius Paterculus, mwanahistoria ambaye mmoja wa mababu zake alipigana upande wa Roma katika vita hivi, anakiri kwamba washirika walitoa askari maradufu ya wale wa Roma, na kwamba madai yao yalikuwa ya haki kabisa. Nauthamini sana ushahidi huo, kwa kuwa unatoka katika ukoo ambao haukuasi.

Uraia walioudai haukuwa heshima tupu, kwa sababu raia alikuwa na kinga ya sheria dhidi ya viboko vya maofisa, na mshirika hakuwa nayo. Gaius Gracchus, mwanasiasa wa Kirumi, alisimulia hadharani visa viwili ambavyo hunichoma kila nivisomapo. Huko Teanum, mke wa konsuli, mmoja wa watawala wakuu wawili wa Roma, alitaka kuoga katika bafu la wanaume. Kwa kuwa watu hawakuondolewa upesi, na bafu halikuwa safi kiasi cha kumridhisha, Marcus Marius, mtu mwenye hadhi kuliko wote mjini, alivuliwa nguo na kuchapwa fimbo kwenye nguzo iliyosimikwa uwanjani. Katika eneo la Venusia, mchungaji mmoja aliona kijana wa Kirumi amebebwa kwenye machela iliyofunikwa, akauliza kwa mzaha kama wanabeba maiti. Alipigwa kwa kamba za machela hiyohiyo mpaka akafa. Vita vilipozuka miaka 30 hivi baadaye, Venusia ndiyo koloni pekee la Kilatini, yaani mji wa walowezi ulioanzishwa na Roma bila uraia kamili, lililojiunga na waasi.

Mwaka 91 K.K. tribuni, yaani ofisa mtetezi wa raia wa kawaida, Marcus Livius Drusus alipendekeza washirika wapewe uraia, akauawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake. Muda si mrefu, mjini Asculum, ofisa wa Kirumi Quintus Servilius, aliyekwenda kuwatisha wenyeji, aliuawa pamoja na Warumi wote waliokutwa mjini humo. Waasi waliufanya mji wa Corfinium kuwa makao yao makuu, wakaupa jina la Italica, wakaunda seneti ya watu 500 na kuchagua makonsuli 2. Wapo wanaosema kwamba lengo lilikuwa kujitenga na Roma moja kwa moja. Kwa Wasamni nakubali. Lakini kwa wengi wa wengine, naona watu waliojenga nje ya Roma kile walichonyimwa ndani yake.

Mapigano yenyewe yalikuwa ya kutisha, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na silaha zilezile na mafunzo yaleyale. Konsuli Publius Rutilius Lupus aliuawa mwaka 90 K.K., na maiti yake na za wenzake zilipoletwa Roma maombolezo yalikuwa makubwa hata Seneti ikaamuru kwamba tangu hapo waliokufa wazikwe palepale walipoangukia.

Katika mwaka huohuo Roma ilianza kutoa kwa sheria kile ilichokikataa kwa upanga. Sheria ya konsuli Lucius Julius Caesar iliwapa uraia washirika ambao hawakuasi, na sheria ya mwaka 89 K.K. iliwafungulia wengine mlango, mradi wajiandikishe katika siku 60. Hata hivyo raia wapya walirundikwa katika makabila machache, na kabila hapa ni kundi la kupigia kura, si la nasaba, hivyo kura zao zilipungua uzito. Naamini kosa hilo liligharimu kuliko vita vyenyewe: mwaka 88 K.K. tribuni Sulpicius Rufus alipotaka kuwagawa katika makabila yote 35, mvutano uliofuata ndio uliomfikisha Sulla, jemadari wa Kirumi, kuingia Roma na majeshi yake.

Wasamni hawakutulia. Mnamo Novemba 82 K.K. kiongozi wao, Pontius Telesinus, alifika mbele ya Lango la Collina, mojawapo ya malango ya Roma, na Velleius anasema aliwahimiza askari wake kwamba mbwa mwitu wanaopora uhuru wa Italia hawataisha mpaka msitu wanakojificha ukatwe. Walishindwa na majeshi ya Sulla. Siku chache baadaye Sulla aliwahutubia maseneta katika hekalu la Bellona huku maelfu ya mateka wakichinjwa jirani, na sauti zao zikisikika humo ndani.