Mkia wa ndege umeandikwaje? Dhana potofu kuhusu urubani wa mkataba nje ya nchi

Mimi ni rubani wa mkataba nje ya nchi, na kila nikirudi likizo, sebule yangu ya Uyole, Mbeya, inageuka ofisi. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Tukuyu na kijana wake. Mzee akanisalimu "Ugonile", kijana akaniamkia, kisha likafunguliwa faili la plastiki: leseni ya rubani wa biashara, cheti cha afya, kitabu cha saa za kuruka kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge, na barua ya kazi ya ukurasa mmoja kutoka kampuni ya nje. Ng'ombe mmoja wa maziwa alishauzwa kwa ajili ya nauli, na wa pili alikuwa amepata mteja. Mzee aliniuliza swali moja tu: "Sasa kapteni, huyu ataanza kutuma hela lini?"

Swali hilo lilibeba karibu dhana zote ninazozisikia huku kwetu.

"Leseni ni leseni, anaruka popote."

Leseni ya rubani hutolewa na nchi. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Chicago wa 1944 unataka leseni hiyo iwe imetolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Hata ukizaliwa Kyela na kulala Juba, ndege ikiwa ya Kenya karatasi zako zinatoka Nairobi. Ndiyo maana nilimwuliza kijana: mkia umeandikwaje? Usajili wa ndege huandikwa huko nyuma: za kwetu huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Zambia 9J, za Malawi 7Q, za Kongo ya Kinshasa 9Q. Alijua ni Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, alijua hata rangi yake. Picha alikuwa nayo kwenye simu, ila imepigwa kwa mbele, pua na panga tu. Usajili hakuujua.

Kuthibitisha leseni kuna mlolongo wake. Mamlaka ya huko huiandikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kuuliza kama leseni yako ni halali, na mpaka jibu lirudi wewe unasubiri. Mara nyingi kuna mtihani wa sheria za anga za kwao, na kupimwa ukiwa unaruka. Wiki zinakatika hivi hivi. Kama jina kwenye leseni halifanani na la pasipoti, au kuna ukurasa wa kitabu cha saa haujagongwa muhuri, lirekebishe ukiwa bado Tanzania. Kulifuatilia kutoka kambi yenye mtandao wa kuombea ni adhabu.

Na hapo bado hujagusa kibali cha kazi, ambacho hutolewa na nchi unakofanyia kazi, ofisi nyingine kabisa. Watu hunijibu, "Lakini sisi ni Afrika Mashariki." Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, ni kweli, lakini suala la kibali halikufutika. Ukiambiwa uingie kwa viza ya matembezi, mengine yatamaliziwa huko, jua kwamba siku ya msako atakayekamatwa ni wewe, mwenye ndege atakuwa ofisini kwake.

"Analipwa dola, huyo ni tajiri."

Hapa mzee alivuta kiti karibu.

Ipo mikataba inayolipa kila mwezi, na ipo inayolipa siku ulizokuwa kazini tu. Chukua zamu ya wiki nane kazini na wiki nne nyumbani. Ukilipwa siku za kazi peke yake, mwaka wako una mishahara ya miezi minane, na ada ya watoto haijui hilo. Kwa hiyo kiasi kilichoandikwa kwa herufi nzito juu ya barua ndicho cha mwisho kusoma. Anza na haya: nani analipa tiketi ya kwenda na ya kurudi? Siku za safari zinahesabiwa? Ukiugua porini, nani analeta ndege ya kukutoa? Mkataba ukivunjwa unapewa notisi ya siku ngapi? Kampuni ikikulipia mafunzo ya kurusha aina fulani ya ndege, unafungwa miaka mingapi, na ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani?

Nasema kwa machungu. Mkataba wangu wa kwanza ulikatika Alhamisi jioni kwa ujumbe wa simu. Mteja wa kampuni hakuongeza muda, ndege ikaegeshwa, tukaambiwa vyumba viwe wazi kufikia Jumamosi. Nilikuwa nadai malipo ya wiki saba. Nilipanda basi Lusaka mpaka Tunduma nikiwa na sanduku moja na kofia ya kampuni kichwani, kwa sababu jua lilikuwa kali na sikuwa na nyingine. Nilipourudia mkataba baadaye, notisi haikuwemo kabisa. Niliusaini mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Halafu kodi. "Hela ya nje haikatwi" ni maneno ya kijiweni. Kwa sheria yetu ya kodi ya mapato, mwenye makazi ya kudumu Tanzania aliyekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka ni mkazi, na mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya ndani na ya nje. Kama umeshakatwa huko, tunza ushahidi wa malipo ili uhesabiwe. Ukiutafuta baada ya kampuni kufunga ofisi, hutaupata.

"Umoja wa Mataifa unaajiri marubani."

Ndege nyeupe zenye herufi kubwa za bluu huwachanganya wengi. Huduma ya anga ya misaada, UNHAS, inaendeshwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na ndege zake hukodiwa kutoka kampuni za ndege pamoja na marubani wao. Mwajiri wako ni kampuni. Na wateja wa namna hiyo hudai saa nyingi za uzoefu kabla hujakaa kitini. Leseni ya biashara hupatikana kuanzia saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Ile ya juu kabisa inataka 1,500. Kati ya hapo ni miaka ya kutafuta saa. Wapo wanaokwenda Maun, Botswana, kabla ya msimu wa watalii, wakabisha hodi kampuni moja baada ya nyingine huku akiba ikiyeyuka. Wengine hupata. Mimi ningeanza na viwanja vya vumbi vya hapa, kwenye hifadhi za Ruaha na Nyerere, ambako lugha ni yako na nyumbani ni basi moja.

"Sisi wa nyanda za juu tumekomaa."

Uwanja wa zamani wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nduli ya Iringa zaidi ya 1,400. Aliyejifunza kuruka Nduli saa saba mchana anajua ndege inavyokula njia kabla ya kunyanyuka kwenye hewa nyepesi ya juu, na hilo litamfaa. Ila injini haijali umezaliwa wapi, na mbu ndio kabisa. Mtoto wa Makete au Njombe amekua na malaria chache mno, kwa hiyo akishuka Juba au bonde la Kongo mwili wake ni mgeni. Dawa ya kinga nayo usiinunue tu duka la dawa: meflokwini, kwa mfano, haifai kwa rubani kwa jinsi inavyoweza kuvuruga akili na kuleta kizunguzungu. Muulize daktari wa anga. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Usichome siku ya safari.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, lakini ukifikisha miaka 40 na unabeba abiria ukiwa rubani peke yako, kama ilivyo kwa Caravan nyingi, kinakuwa cha miezi sita. Panga kukipima ukiwa likizo, kikiisha ukiwa zamu unakaa chini bila kuruka.

Kuhusu hela, nilimwambia mzee asitegemee kitu kwa miezi sita. Hakufurahi. Alikunywa chai yake yote, akaaga.

Siku tatu baadaye kijana akaniandikia: "Shikamoo kapteni. Mkia ni 9J. Barua haisemi nani analipa tiketi ya kurudi, nimewauliza, bado hawajajibu. Mzee anasema ng'ombe wa pili amemrudisha bandani."