Kura yetu iliishia kwa diwani: kusoma upya chaguzi za Manispaa ya Mombasa

Uchaguzi ukikaribia, watu huniuliza swali lilelile: "Wadi yetu zamani ilikuwa ya chama gani?" Nimekusanya matokeo ya chaguzi za serikali za mitaa kwa miaka mingi, na bado swali hili hunibana. Kabla ya kujibu huwa nauliza: wadi ipi?

Juzi nilikuwa Kibokoni, nimekaa na mzee mmoja kwa muuza kahawa. Nilikuwa na karatasi yenye majina ya wadi za eneo bunge la Mvita, hapa Mombasa. Akaishika, akaisogeza karibu na macho, kidole kikasimama penye "Mji wa Kale/Makadara".

"Mwanangu, na huu mkwaju hapa katikati ni wa nini?"

Nikamwambia ni mitaa miwili yenye mwakilishi mmoja. Akateremsha kidole hadi "Shimanzi/Ganjoni", akanitazama, akarudi kwenye kikombe chake.

Mkwaju ule una habari kubwa. Mombasa ya leo ina wadi 30, na zilichorwa na tume ya uchaguzi mwaka 2012, ilipogawa nchi nzima katika wadi 1,450 kwa ajili ya serikali za kaunti. Wakati huohuo maeneo bunge yetu yakatoka manne hadi sita: Nyali ikakatwa kutoka Kisauni, Jomvu ikatoka Changamwe. Kwa hiyo anayechukua matokeo ya udiwani ya 2007 akayapanga kando ya yale ya 2013, kisha akatangaza kwamba chama fulani "kimepoteza" wadi, analinganisha vitu viwili tofauti. Jina linaweza kuwa lilelile na watu wasiwe walewale.

Lakini mipaka si tatizo kubwa zaidi. Kubwa ni kwamba wengi wetu tumesahau kura ile ilikuwa ya kazi gani. Hadi 2007, Mkenya alipoingia kituoni alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Hakukuwa na karatasi ya meya. Meya alichaguliwa na madiwani wenyewe, na ndani ya ukumbi ule walikuwamo pia madiwani wa kuteuliwa, ambao hakuna mkazi aliyewapigia kura. Karani wa baraza, aliyeshika faili na shughuli za kila siku, hakuchaguliwa na wananchi wala na madiwani. Uteuzi wake ulitoka serikali kuu. Basi mtu wa Likoni alimpa diwani wake kura, na diwani akavuka nayo hadi kisiwani kumchagulia meya. Nani alimpa nani, na kwa makubaliano gani, mkazi hakuambiwa. Kwangu mimi hili ndilo lililokuwa shimo la mfumo ule, na lilinyima mji huu haki kwa muda mrefu mno.

Ukirudi nyuma zaidi, hata ile kura ya diwani inatetereka. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya mgombea wao au picha yake. Ndiyo mlolongo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amepita bila kupingwa, hata hapakuwa na haja ya kura ya siri. Fikiria kazi ya mtu kama mimi: hakuna karatasi ya kuhesabu upya. Foleni ikishavunjika, ushahidi umekwenda nyumbani kupika chakula cha mchana. Takwimu za mwaka ule nazinakili, lakini siziamini, na sioni aibu kusema hivyo.

Desemba 1992 vyama vingi vikarudi, na hapo Mombasa inasisimua kweli. Islamic Party of Kenya ilikuwa imenyimwa usajili, mji ukawaka kwa ghasia, na wengi wa wafuasi wake wakamimina kura zao kwa FORD-Kenya. Kisauni na Likoni zikaenda huko, huku Shariff Nassir akiilinda Mvita kwa KANU. Kila ninapoyasoma matokeo haya ya ubunge nakumbuka kwamba mpiga kura aliyeyaleta alikuwa na karatasi ya tatu mkononi, ile ya diwani. Ni hiyo ambayo waandishi wengi wa historia huiruka.

Najib Balala alikuwa meya mwaka 1998 hadi 1999, akaja kuwa mbunge wa Mvita 2002. Njia yake inaonyesha kwamba baraza lilikuwa ngazi ya kupandia. Baada ya wimbi la chama cha ODM la 2007, Ahmed Mohdhar akawa meya, na ndiye aliyekuwa kitini mabaraza yote 175 ya nchi yalipofikia mwisho katika uchaguzi wa Machi 4, 2013. Siku ile mpiga kura alipewa karatasi sita. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mtongwe na mtu wa Miritini walimchagua wenyewe mkuu wa mji, gavana Hassan Joho, bila diwani kati yao.

Sasa nimeacha kabisa kulinganisha wadi kwa wadi. Ninaanza na vituo vya kupigia kura. Shule ya msingi haihami kwa sababu tume imechora mstari mpya. Watoto ni walewale wa mtaa, na wazazi wao hupiga foleni kwenye uwanja uleule. Nachukua kituo kimoja, naandika kilikuwa wadi gani 1992, 1997, 2002 na 2007, kisha kikaangukia wapi 2013. Kazi inakwenda polepole. Nimeanzia kisiwani, na karatasi ya mzee wa Kibokoni, yenye alama ya kidole chake cha kahawa penye ule mkwaju, nimeibandika juu ya meza.