Nyumba za ibada za Kisumu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukikaa kijiweni Kisumu na mazungumzo yakagusa dini, hukosi kusikia kwamba hekalu fulani ni "la Wahindi", basi, kana kwamba Wahindi wote huingia mlango mmoja. Hilo ndilo kosa mama.

Kuna Wahindu, kuna Makalasinga (yaani Masingh, Wasikh), kuna Waismaili na Mabohora, na hawa wawili wa mwisho ni Waislamu wa Kishia. Kalasinga si Mhindu wala si Mwislamu, licha ya kile kilemba kinachowachanganya watu. Dini yake ilianzia Punjab kwa Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, na inamkiri Mungu mmoja. Ndani ya gurdwara, nyumba yao ya ibada, hakuna sanamu ya kuabudiwa. Kinachowekwa mbele, juu ya mito na chini ya kitambaa kilichotandazwa kama dari, ni kitabu, Guru Granth Sahib. Kila aingiaye hukiinamia, kisha huketi chini kwenye zulia, tajiri na maskini sawa.

Wengine huamini mahekalu haya ni jeuri ya pesa za wenye maduka. Wenye maduka walikuwepo, sikatai. Mfanyabiashara Allidina Visram alifungua matawi kuifuata reli hadi ziwani. Lakini reli yenyewe, iliyofika hapa Desemba 1901, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi: Waislamu, Makalasinga na Wahindu. Takriban 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Walikuwemo waashi, maseremala na wahunzi, watu wa kushika nyundo. Anayemwona kila Mhindi kuwa mwenye duka amesahau nani aliyetandika mataruma.

Ndiyo maana husema uongo, hata bila kukusudia, anayedai kwamba kanisa lilitangulia na hizi dini nyingine zikaja kujibanza baadaye. Waquaker, Wakristo wa Kiprotestanti, walifika Kaimosi mwaka 1902, mapadri Wakatoliki wa Mill Hill wakaingia Kisumu 1903, na misheni ya Kianglikana ya Maseno ikaanza 1906. Wote hao walikuta reli imeshafika. Na kabla ya reli, misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ambaye baadaye alisilimu. Kwa hiyo Uislamu wa magharibi mwa Kenya una mizizi kadhaa: Waswahili wa Mumias, Wapunjabi wa reli, Wanubi wa Kibos, wazao wa askari wa Kisudani. Msikiti wa Jamia wa Kisumu, uliojengwa 1919, si wa Waarabu peke yao.

Ile alama ya msalaba uliopinda ncha, inayoonekana kwenye mahekalu ya Wahindu? Haina uhusiano na Hitler. Ilikuwa ishara ya heri maelfu ya miaka kabla babu yake hajazaliwa.

Halafu kuna hofu ya kufukuzwa mlangoni. Gurdwara haimuulizi mtu dini. Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa (wasio na kitambaa huazimwa), na usiingie na sigara wala pombe. Baada ya ibada huliwa langar, mlo wa bure usio na nyama: chapati, dengu, wali, chai. Hupikwa na kugawiwa na watu wanaojitolea, na walaji huketi mstari mmoja. Usichukue usichoweza kumaliza, kusaza hakupendezi.

La mwisho ni lile la kwamba kila dini hapa ililetwa na mgeni. Johana Owalo, Mluo, alipitia Ukatoliki, Uislamu na Uanglikana, kisha akaanzisha kanisa lake la Nomiya. Waumini wake hutahiri wavulana, jambo ambalo Waluo kwa desturi hawakuwa nalo. Owalo alifariki mwaka 1920. Kanisa lake lingalipo.