Je, wajua kwa nini risala za mahafali siku hizi zinafanana?

Dar es Salaam, mwezi wa tisa na wa kumi ni msimu wa mahafali ya kidato cha nne. Mwaka jana nilialikwa mara mbili, Temeke na baadaye Tabata. Kule Tabata mhitimu alisimama mbele ya mgeni rasmi, akafungua karatasi na kusoma: “Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi, elimu ina jukumu muhimu katika kujenga mustakabali wa jamii zetu.” Nikashtuka. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisikia Temeke wiki mbili nyuma, neno kwa neno.

Watoto wale hawajuani, wala hawakuibiana. Kila mmoja aliiomba akili mnemba imwandikie.

Programu hizi, kama ChatGPT iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022, zimesomeshwa maandishi mengi mno hadi zikajua neno gani hupenda kufuata neno gani. Ukiomba risala, inaandikwa kipande kwa kipande, na kila mara vinavyopewa nafasi kubwa ni vile vilivyozoeleka kufuata. Halafu kuna hatua nyingine: watu hupewa majibu ya mashine wayalinganishe na kuchagua lililo bora, na machaguo yao hutumika kuifunza zaidi. Jibu la adabu, lililopigwa pasi, ndilo linaloshinda mara nyingi. Basi wanafunzi elfu wakiomba kitu kimoja kwa maneno yanayokaribiana, watapewa nguo za fundi mmoja.

Kwetu tatizo ni kubwa zaidi. UNESCO inakadiria wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, lakini maandishi yetu kwenye intaneti ni machache sana ukilinganisha na ya Kiingereza, na sehemu yake si haba ni tafsiri. Ndiyo maana mashine huandika Kiswahili chenye mifupa ya Kiingereza. “Ina jukumu muhimu katika” ni mfupa wa namna hiyo. Hakuna mama wa Tandale atakayemwambia jirani yake kwamba maji yana jukumu muhimu katika maisha. Atasema, “Bila maji, mtu utafanya nini?”

Nikiri kwamba risala zilikuwa na mkondo wake hata zamani. “Ndugu mgeni rasmi, tunayo furaha kubwa” tuliisoma sisi, na waliotutangulia waliisoma. Ila ukifika katikati, kwenye shida za shule, kila darasa lilikuwa na lake: bomba lililokauka, mwalimu wa fizikia aliyehamishwa hajapata mrithi. Pale ndipo ulipojua ni akina nani wanasema.

Sauti ya mwandishi imekaa wapi hasa? Wengi hudhani iko kwenye misamiati mizito. Marekani, mwaka 1787 na 1788, zilichapwa makala 85 za kutetea katiba mpya, zote kwa jina moja la kupanga. Makala 12 kati ya hizo zilibishaniwa kwa miaka mingi: ni za Alexander Hamilton au za James Madison? Mwaka 1964 wanatakwimu wawili, Frederick Mosteller na David Wallace, walitoa jibu kwa kuhesabu maneno madogo, vile viunganishi ambavyo mtu huviandika bila kuviwazia. Hamilton alikuwa na vyake, Madison vyake. Hesabu ikaelekea kwa Madison.

Kiswahili kimejaa vineno vya aina hiyo, nami navipenda kuliko methali. “Kwa nini hukuja?” ni swali. “Mbona hukuja?” lina kinyongo ndani yake. “Si ulisema utakuja?” limebeba ahadi iliyovunjwa. Ukiandika “kumbe”, umekiri kwamba ulikuwa ukidhani vingine. Weka “ati”, msomaji anajua hujaamini ulichoambiwa. Tazama pia “akaja, akakaa, akalia”: vitendo vinafuatana kama hatua za mtu, bila “kisha” wala “baada ya hapo”. Na kimya kikiwa jii, kiache jii. Ukimpa mashine akunyooshee maandishi, mara nyingi vitu hivi ndivyo vinavyoondoka kwanza, kwa kuwa vinaonekana ni vya mdomoni.

Mwaka huu mpwa wangu ndiye aliyechaguliwa kuandika risala. Akaja na simu mkononi. “Mjomba, mashine imeshaandika, nisomee tu.” Nikamwomba aiweke pembeni, afungue kinasa sauti na anisimulie miaka minne ya pale shuleni. Akasita. Mara akaanza: “Mjomba, kidato cha pili tulikuwa tunakaa watatu dawati moja. Basi wa katikati ndiye anayeandika vizuri, sisi wa pembeni mkono unaning’inia.”

Tuliyanakili maneno yake jinsi alivyoyasema, akayapanga mwenyewe. Mashine tuliirudia mwishoni, tukaituma itafute makosa ya tahajia peke yake, na ilitufaa: alikuwa ameandika “kwasababu” kama neno moja kila mahali. Lakini sentensi ya dawati nayo ikataka kuigeuza iwe “changamoto ya uhaba wa miundombinu ya kujifunzia”. Mpwa wangu akakataa. “Hiyo inaweza kuwa shule yoyote,” akasema.

Siku ya mahafali, alipofika kwenye mkono unaoning’inia, ukumbi mzima uliinua kichwa. Kutoka safu ya wahitimu sauti ya msichana ikapaa: “Nilikuwa mimi huyo!”