Mbwa Anakojoa Damu: Mtazame Kwanza, Dawa Baadaye

Ujumbe ninaoupokea sana kutoka kwa wenye mbwa ni huu: “Daktari, mbwa anakojoa damu, nimpe dawa gani?” Mara nyingi dawa ameshapewa. Ni vidonge vya UTI vilivyobaki ndani ya nyumba, au diklofenaki kwa kuwa mnyama anaonekana anaumia. Hii ya pili naomba iachwe leo hii. Diklofenaki na ibuprofeni humtia mbwa vidonda vya tumbo na huweza kuziua figo zake, na mbwa mwenye shida ya mkojo hana figo za kuchezea.

Mimi huanza na swali: damu inatoka wakati gani? Ikitangulia kisha mkojo ukasafika, nashuku njia ya nje, yaani mrija wa mkojo, uke au govi. Ikija mwishoni, nafikiria kibofu au tezi dume, hasa kwa dume mzee ambaye hajahasiwa. Ikichanganyika mwanzo hadi mwisho, huenda inatoka kibofuni au juu zaidi, kwenye figo. Na ikidondoka hata mbwa akiwa amejilalia, mara nyingi haihusiani na mkojo kabisa.

Hapo ndipo ninapokutana na uvimbe ambao huku kwetu, mbwa wengi wanakozurura na kupandana ovyo, ni wa kawaida mno. Ukirudisha govi nyuma unaukuta: nyama nyekundu yenye vinundu vinundu, inayovuja damu ukiigusa tu. Ni saratani, lakini ya aina yake. Seli zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wakipandana, wakinusana au wakilambana. Antibayotiki haziufanyi chochote. Dawa yake ni vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na mbwa wengi hupona kabisa. Inaniuma kumwona mbwa aliyemezeshwa vidonge miezi na miezi kwa ugonjwa ambao ungejulikana kwa kumgeuza na kumtazama.

Upo pia mkojo mwekundu ambao kibofu hakina kosa. Nautia kwenye kichupa na kuuzungusha kwenye mashine. Damu ya kibofuni hutuama chini, juu pakabaki maji ya njano. Rangi ya chai ya rangi au kahawa ikibaki juu hadi chini, basi huenda seli za damu zinapasuka mwilini, nami nageukia masikioni na katikati ya vidole kutafuta kupe. Vijidudu vya babesia vinavyoletwa na kupe ndivyo hufanya hivyo: homa inapanda, fizi zinakuwa nyeupe au za njano. Huyo haponi kwa dawa ya kibofu.

Lakini kuna hali moja isiyosubiri maswali. Dume anainua mguu, anakaza tumbo, anabaki hivyo kwa muda, yanatoka matone mawili au hakitoki kitu. Anahamia mti mwingine, anarudia. Wenyewe huniambia “amefunga choo”, maana anavyojikamua ndivyo anavyofanana. Dume wa mbwa ana mfupa ndani ya uume, na mrija wa mkojo unapita kwenye mfereji chini ya mfupa huo. Hapo mrija hauna pa kutanukia, kwa hiyo kijiwe kikishuka kutoka kibofuni hunasa nyuma ya mfupa. Mkojo ukikosa njia figo zinashindwa kazi, potasiamu inapanda kwenye damu hadi moyo unapunguza mwendo. Akianza kutapika na kulegea, sumu imeshakolea. Siku 2 au 3 zinatosha kumuua. Huyu aletwe usiku huohuo. Tunampitishia mpira, tunakisukuma kijiwe kirudi kibofuni kwa maji ya chumvi, na upasuaji unafuata hali yake ikitulia. Usimminye tumbo nyumbani. Kibofu kilichojaa hupasuka.

Mawe yenyewe si ya aina moja. Majike hupata zaidi mawe ya struvaiti, yanayoletwa na maambukizi: bakteria wanavunja yurea, mkojo unapoteza uasidi wake, madini yanaganda. Hayo huweza kuyeyushwa kwa antibayotiki sahihi na chakula maalumu, ingawa chakula hicho ni ghali na hakipatikani kila mji. Ya kalsiamu oksaleti hayayeyushwi na chakula chochote, hutolewa. Ndiyo maana jiwe likishatolewa halitupwi, linapelekwa kupimwa.

Na hapa nina neno kuhusu mbwa wa ulinzi. Anafungiwa bandani alfajiri, anafunguliwa saa 2 usiku. Mbwa aliyezoea usafi hakojoi anapolala, basi anabana mchana kutwa katika joto la Dar es Salaam, na kopo la maji limekauka tangu saa 4 asubuhi. Mkojo mzito ukikaa kibofuni kiasi hicho, madini hupata nafasi ya kuganda na bakteria hawasafishwi. Mtoeni mchana akojoe, na maji yasikauke.

Banda hilohilo lina panya, na panya hubeba homa ya mgunda, ugonjwa uleule uliothibitishwa Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Bakteria wake hutoka na mkojo wa panya, humwingia mbwa kupitia mdomo au ngozi yenye mchubuko, hushambulia figo na ini, na mbwa naye akawatoa kwa mkojo wake. Kijana anayeosha banda avae glavu na viatu vya mpira. Chanjo ya mbwa ipo, hurudiwa kila mwaka.

Mkija, njooni na mkojo wa asubuhi, uliokingwa kwa upawa safi angali anakojoa, si wa kuchota sakafuni. Ufike ndani ya saa 1. Ukichelewa, uwekwe kwenye friji na niambiwe, kwa sababu mkojo uliopoa huota chembechembe ambazo hazikuwamo kibofuni. Nikihitaji kuotesha bakteria nitauvuta mwenyewe kwa sindano kupitia tumboni, hivyo kwa anayekojoa vizuri, jitahidini asisimame kwenye kila nguzo njiani, kibofu kifike na mkojo.