Dodoso halimtabirii askari ugonjwa wa akili

Wazazi wanaowasindikiza vijana wao kwenda JKT, iwe Itende hapa Mbeya au Mafinga kule Iringa, hutuuliza kliniki kama kuna kipimo cha kuonyesha mapema ni nani akili yake haitahimili uaskari. Damu, macho na mapafu vinapimika. Kwa nini akili isipimike? Jibu fupi ni kwamba kipimo cha kuaminika cha namna hiyo hakipo, na waliojaribu kukitumia walipata hasara.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani iliwakataa vijana zaidi ya milioni 1 kwa sababu za akili na hulka, mara nyingi baada ya mahojiano ya dakika chache tu, na bado wanajeshi iliowapokea walielemewa na kiwewe kwa wingi. Kosa linaonekana kwa hesabu. Tuchukulie askari 1,000, ambao 50 kati yao wataugua, na dodoso zuri linalowatambua 8 katika kila 10 ya hao, lakini likawasingizia wazima 2 katika kila 10. Litawanasa 40 wa kweli pamoja na wazima 190, ambao faili zao zitakuwa zimeshachafuka bure.

Tena dodoso hujibiwa na mtu mwenye haraka zake. Askari aliyetoka kulinda amani Kongo, begi likiwa miguuni na basi la Tukuyu likikaribia kuondoka, akifika kwenye swali la ndoto za kutisha ataandika "hapana", maana "ndiyo" itamchelewesha kufika nyumbani na pengine kumkosesha cheo. Mimi simlaumu. Uingereza iliwafuatilia wanajeshi zaidi ya 10,000 waliorudi kutoka Afghanistan. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliopewa ushauri kulingana na majibu yao hawakupata nafuu kuliko wenzao, wala hawakutafuta tiba zaidi.

Kumtambua aliyekwisha kuanza kuugua ni jambo jingine, na hilo linawezekana. Mara nyingi mke huona kabla ya daktari: mumewe halali mpaka akague komeo mara tatu, pombe imezidi, na mvua ya mawe ikigonga bati anaruka kitandani. Hali hiyo ikipita mwezi mmoja, aje hospitali, na si lazima avae sare. Swali letu la kwanza huwa la usingizi, kwa sababu askari anayeona haya kutaja hofu haoni haya kusema kwamba hajalala.